Chakula Kizito na Mdomo wa Chupa

Safari hii twataka tusomeshane jambo lililokwisha kututia hasara. Mwaka jana, kabla ya msimu wa karafuu, baadhi yetu tulitia sosi ya tungule na pilipili katika chupa za mdomo mwembamba, kwa kuwa ndizo tulizozipata kwa bei nafuu. Wenye maduka wakazirudisha. Mnunuzi huinamisha chupa asipate kitu. Huipiga kofi, mara sosi yote yamwagika juu ya wali. Lawama ya kuzinunua chupa zile ni yetu sisi tulio ofisini.

Sababu yake ni hii. Vyakula vizito si vya namna moja. Asali haina ukaidi: ukiinamisha chombo huanza kushuka, japo polepole, na hata ukiisukuma kwa nguvu uzito wake ni ule ule. Hulainishwa na joto. Sosi ya tungule sivyo. Ndani yake mna nyuzinyuzi na chembe za tunda zilizoshikamana, basi husimama kama kitu kigumu mpaka isukumwe vya kutosha. Hapo mshikamano huachia, nayo huwa nyepesi ghafula. Wakubwa wa kazi hii pia yaliwasumbua. Kampuni ya Heinz ya Marekani, iliyouza sosi yake kwa chupa za kioo tangu karne ya 19, ilitoa chupa ya plastiki ya kuminya mwaka 1983.

Kabla ya kununua vyombo, tieni kijiko kimoja cha chakula chenu juu ya sahani, kisha inamisheni. Kikikaa pale pale kama achari, kitakiwacho ni gudulia la kupitisha kijiko, au chupa ya kuminya. Kikitambaa chenyewe, chupa yafaa. Lakini asali nayo huja ikaganda chembechembe kama sukari, kwa hiyo hata yeye twampendelea mdomo mpana.

Mafuta ya nazi yana tabia yake: yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi za Sentigredi huganda. Sisi huyaona hivyo asubuhi za kipupwe. Yakifika Ulaya wakati wa baridi huwa kama mshumaa. Anayetaka kuyapeleka huko ayatie katika gudulia.

Chupa nyembamba zilizobaki zingali ofisini. Kwa siki zafaa sana. Mwanachama azitakaye na aje azichukue.