Mwitiko wa Wanafunzi wa Sekondari kwa Tamthilia Kongwe ya Uhispania: Mfano wa Fuenteovejuna

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari nchini Uhispania anapoisoma Fuenteovejuna, tamthilia ya Lope de Vega iliyochapishwa mwaka 1619, hukabiliwa na vikwazo viwili: lugha ya karne ya 17 na mfumo wa kikabaila ambao hakuushuhudia. Ni rahisi kwa mwalimu kumwondolea vikwazo hivyo kwa kumpa muhtasari. Makala haya yanashikilia kwamba muhtasari humnyima mwanafunzi nafasi ya kushiriki katika hukumu, ilhali hukumu ndiyo kiini cha tamthilia yenyewe.

Kisa na Suala Lake

Kisa kinatokana na tukio la mwaka 1476, ambapo wakazi wa kijiji kimoja cha Córdoba walimuua Fernán Gómez de Guzmán, kamanda wa shirika la kijeshi na kidini la Calatrava. Katika tamthilia, Laurencia, aliyetekwa siku ya arusi yake, anaingia kikaoni nywele zikiwa timtim na kuwasuta wanaume, akiwemo babake, kwa woga wao. Kijiji kinainuka na kamanda anauawa. Baadaye hakimu anawatesa watu 300 ili wamtaje muuaji. Mzee, mtoto, mwanamke na Mengo mcheshi wanatoa jibu moja tu: jina la kijiji chao.

Mwitiko Darasani

Mwaka 1978, Louise Rosenblatt alitofautisha usomaji wa kuchota habari na usomaji wa kuiishi kazi ya fasihi. Swali "Nani alimuua kamanda?" ni la kuchota habari. Swali "Wewe ungemjibu nini hakimu?" humtia mwanafunzi mwenyewe kizimbani. Vijana wanaijua hali hiyo: dirisha limevunjwa, mwalimu anauliza, darasa zima kimya. Mmoja atauita ukimya huo umoja. Mwingine atasema kuwa ndio unaomkinga mkosaji.

Hata hivyo, mwitiko wa kwanza sharti upimwe kwa matini. Mwanafunzi akidai kuwa mfalme aliwasamehe wanakijiji kwa kuwa walikuwa na haki, aombwe kuonyesha mahali hayo yaliposemwa. Atagundua kuwa Mfalme Fernando analiona kosa kuwa zito, ila analazimika kusamehe kwa kukosa ushahidi ulioandikwa. Ushindi wa wanyonge, basi, una doa, na mjadala huanza upya.

Aidha, umbo lisisahauliwe. Katika utungo wake wa mwaka 1609 kuhusu sanaa ya kutunga tamthilia, Lope alipendekeza aina mbalimbali za beti kwa hali mbalimbali. Redondilla, kwa mfano, ina mishororo minne ya mizani 8, umbo ambalo mzoefu wa tarbia hataliona geni. Hotuba ya Laurencia nayo, ikisomwa kwa sauti, mapigo yake ya mizani 8 huifikisha hasira yake kabla kamusi haijafunguliwa.

Hitimisho

Mwitiko wa mwanafunzi ni mlango wa kuingilia kazi ya fasihi, si kikomo chake. Mwalimu mtarajiwa, awe wa fasihi ya Kihispania au ya Kiswahili, hana budi kuuliza maswali mawili kwa mfuatano: "Unaonaje?" na "Matini inasemaje?" Akiliacha la kwanza, darasa litalala, akiliacha la pili, litapotoka.