Somo: Swichi ya Mtandao na Foleni Zake

Ndugu wanachama, wengi wetu tunaofanya kazi maofisini na maghalani tumekiona kile kisanduku chenye safu ya matundu ya waya na taa ndogo zinazowakawaka. Hiyo ndiyo swichi, kiungo cha kompyuta zote za mahali pa kazi. Ziko za aina mbili. Moja hupitisha habari kwa kadiri zinavyofika, basi. Nyingine hupokea maagizo: fundi huiambia ipi itangulie na ipi ingoje. Somo letu ni juu ya hii ya pili, kwa kuwa mwenzetu anaweza kuitwa mzembe kumbe anayemchelewesha ni swichi.

Tuchukue mfano wa malori pale mpakani Malaba. Lililotangulia kufika hutangulia kupita, lakini gari la wagonjwa likija hupishwa. Vivyo hivyo kila fungu la habari laweza kubandikwa alama ya daraja, kuanzia 0 hadi 7, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya 802.1Q iliyotolewa mwaka 1998. Simu kwa kawaida hupewa 5, maana sauti ikichelewa watu huanza kukatizana maneno. Barua na mafaili hubaki 0. (Ajabu ni kwamba daraja la 1 liko chini ya 0!)

Foleni hizo huhudumiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kali: foleni ya juu isipokwisha, ya chini haiguswi. Ya pili ni ya mgao: ya juu ikipata nafasi 4, ya kati hupata 2, ya chini 1, hakuna anayekosa kabisa. Sisi twapendelea mgao, isipokuwa kwa simu. Kamera za ulinzi zikiwekwa juu kwa njia kali, na njia yenyewe ni finyu, karani wa ghala atakaa akingoja fomu moja ifunguke. Tena fundi aweza kuwekea tundu moja kikomo: waya wa megabiti 100 kwa sekunde ukapitisha 10 tu.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Swichi ya aina hii huhesabu kwa kila tundu mafungu yaliyopita na yaliyotupwa. Barua ya onyo ikitolewa, mjumbe wa tawi aombe hesabu hizo siku ile ile, pamoja na orodha ya madaraja na vikomo. Zinakiliwe kabla swichi haijazimwa na kuwashwa tena, kwani hesabu hurudi sifuri. Zichukuliwe mara mbili, asubuhi na saa ya kazi nyingi. Namba moja peke yake haionyeshi kama yaliyotupwa ni ya leo au ya mwezi uliopita.

Swichi hiyo hiyo yaweza pia kuagizwa inakili yote yapitayo katika tundu la mtu na kuyapeleka tundu jingine. Mafundi hutumia njia hii kutafuta hitilafu, nasi hatuipingi kwa kazi hiyo. Lakini maagizo yake huandikwa humo humo: tundu gani linanakiliwa, na nakala zinakwenda wapi. Mjumbe aombe kuonyeshwa na hayo.