Mbao Kuukuu na Mdudu Abunguaye



Chama kitakapo kujenga ghala au kutengeneza meza na makabati ya ofisi, mara nyingi mbao zilizo karibu ni zile zilizokwisha kutumika: boriti za nyumba iliyobomolewa Wete au Chake Chake, milango, pengine mbao za jahazi lililokwisha kazi. Hapana aibu kuzinunua. Mvule wa zamani wenye kiini kigumu hushinda mbao nyingi mpya. Lakini fedha inayolipwa ni hisa za wanachama, na boriti iliyobunguliwa ndani yaweza kuonekana nzima siku ya kununuliwa, kisha ikakatika paa likiwa juu yake na magunia ya karafuu chini.

Kwanza ifahamike kuwa tundu si mdudu. Tundu ni mlango aliotokea. Mbawakawa jike hutaga mayai katika nyufa na vinyweleo vya mbao. Buu huanguliwa, akala ndani kwa miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi, asionekane. Akishaota mbawa ndipo atoboapo nje na kwenda zake. Kwa hiyo mbao yenye matundu mengi yaweza kuwa imekwisha hamwa tangu zamani, na mbao isiyo na tundu hata moja ikawa imejaa mabuu. Swali la katibu ni moja: yumo, au hayumo?

Njia ya kujua ni subira. Piga mbao kwa nyundo, ifagie unga wote, kisha zungushia chaki kila tundu. Ilaze juu ya karatasi nyeusi kwa wiki mbili au tatu, mahali pasipo upepo. Ukikuta unga mpya, mweupe na laini kama wa ngano, au tundu lisilo na chaki, yumo. Unga wa zamani huwa umefifia na kugandamana, pengine na utando wa buibui. Muuzaji asiyekubali kungoja hata siku moja, mwacheni na mbao zake.

Matundu ya milimita 1 au 2 yenye unga laini ni ya mbawakawa mdogo alaye wanga. Huyu hushambulia sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda la mti, na kiini cha mvule hakigusi. Mwembe humpendeza sana. Matundu ya milimita 3 hadi 6 ni ya jamaa yake mkubwa, apatikanaye pia katika mianzi na miti ya kujengea. Mchwa ana dalili zake, yaani njia za udongo, na dawa yake ni nyingine.

Mbao za jahazi huwatia watu hofu bure. Tundu pana kama penseli, lililopakwa ndani chokaa nyeupe, si la mbawakawa. Ni la kiumbe wa baharini, jamaa ya chaza na kome, ambaye hufa mbao ikitolewa majini na kukauka. Ndiye mabaharia wetu waliyempiga vita kwa kupandisha chombo pwani, kukichoma tumbo kwa makuti, na kukipaka deheni. Hawezi kuhamia ghalani. La kuuliza ni kama mbao imebaki na nguvu.

Ikiwa mbawakawa yumo, choma mbao kwa ncha ya kisu. Inapozama, ikatwe. Kisha fundi achonge kwa tezo sehemu nyeupe yote mpaka kiini, na vipande vichomwe moto siku hiyo hiyo. Kazi hii ya tezo ndiyo nusu ya tiba. Ipakwe halafu maji ya boraksi na asidi ya boriki: gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi katika lita 10 za maji ya moto. Vueni rangi na mafuta kwanza, maana maji hayapenyi. Pakeni mara tatu, kila mara kabla mbao haijakauka, kisha ifunikwe kivulini ikauke polepole. Dawa hii huoshwa na mvua, hivyo haifai kwa mbao za nje. Isitumiwe kwa vyombo vya chakula wala mbao zitakazogusana na karafuu, na mpakaji avae glavu.

Mafuta ya taa hayafiki ndani, nayo huongeza hatari ya moto. Oili chafu huacha harufu, na karafuu hushika harufu upesi. Jua hupasha uso wa mbao tu. Kumwua buu kwahitaji digrii 56 za Selsiasi katikati ya mbao kwa nusu saa. Mkikuta ghalani mkebe wa zamani wa dieldrini au lindeni, msiufungue. Dawa hizo zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, ya kwanza tangu 2001 na ya pili tangu 2009. Mwarifuni ofisa wa kilimo.

Katibu aandike katika daftari la mali tarehe ya kununua, mbao ilikotoka, na siku ya kupakwa dawa. Chaki isifutwe. Baada ya masika apande ngazi na taa, ahesabu matundu upya.