Cheti Kinachojihuisha
Likizo ya Agosti tovuti ya chama ilianza kufukuza wageni: "Si salama!" Kumbe cheti chake kilikuwa kimekwisha muda, na mimi ndiye niliyesahau. Cheti huthibitisha kwamba umefika kwenye tovuti yenyewe, si ya tapeli, na husaidia kuficha nywila zikiwa njiani.

Tangu 2015, Let's Encrypt ya Marekani hutoa vyeti bure, ila vya muda mfupi. Programu huria Certbot huomba cheti, huambiwa iweke faili fulani kwenye tovuti. Faili ikikutwa hapo, basi umeaminika. Nimeipangia ikague mara mbili kila siku.

Bado nilikwama, jamani! Cheti kipya kilifika, seva ikang'ang'ania cha zamani mpaka nilipoiamuru ikisome upya. Sasa hata amri hiyo nimeiachia Certbot.