Kumtambua Mbawakawa Mchimba Majani ya Ndago

Mwanafunzi anayechunguza majani ya ndago kando ya bwawa huenda akaona juu ya jani mstari mrefu uliopauka. Akiliinua jani kuelekea jua, ataona kwamba nyama ya ndani imeliwa, huku ngozi ya juu na ya chini zikibaki. Hiyo ni njia ya buu aliyeishi ndani ya jani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumtambua buu huyo, hasa akiwa wa mbawakawa.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu jina la mdudu hutuonyesha kazi yake. Huko Marekani, mbawakawa aitwaye Taphrocerus schaefferi huchimba majani ya ndago wa spishi ya Cyperus esculentus, gugu lenye kuwasumbua wakulima wa nchi nyingi. Mwaka 1979 ulichapishwa utafiti juu ya uwezekano wa kumtumia mdudu huyo kulipunguza gugu hilo. Kinyume chake, katika Afrika yupo Trichispa sericea, ambaye mabuu wake huchimba majani ya mpunga. Huyu ni miongoni mwa mbawakawa wanaoeneza virusi vya ugonjwa uliotambuliwa kwanza nchini Kenya mwaka 1966, ambao wakulima wa Tanzania huuita kimyanga. Wadudu hawa wawili wanaishi mabara mbalimbali, lakini wote ni wadogo na wote huchimba majani membamba. Mmoja aweza kumfaa mkulima. Mwingine humtia hasara. Kwa hiyo alama ya jani peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Hatua ya kwanza ni kuutambua mmea. Shina la ndago kwa kawaida lina pembe tatu, ni gumu ndani, na majani yake yamepangwa katika safu tatu. Shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo, lina vifundo, na majani yake yamo katika safu mbili. Ukikosea mmea, utamtafuta mdudu mahali asipokuwapo.

Hatua ya pili ni kumtazama buu kwa lenzi. Buu wa nzi hana kichwa kigumu; ana kulabu ndogo nyeusi za kinywa tu. Buu wa mbawakawa ana kichwa kigumu na taya za kutafunia. Buu wa jamii ya Taphrocerus ni bapa, hana miguu, na kichwa chake kimezama katika sehemu pana ya mbele ya mwili. Hata hivyo, viwavi wa nondo nao wana vichwa vigumu, na baadhi yao huchimba majani. Basi buu hutupunguzia shaka, lakini hatupi jina.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo msingi wa kazi yote, ni kumfuga hadi awe mdudu mzima. Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uupande katika kopo lenye udongo, kisha uufunike kwa chandarua chepesi. Usichanganye mimea ya aina mbili katika kopo moja. Udongo uwe na unyevu wa kiasi, kwani maji yakizidi jani huota ukungu na buu hufa. Kagua kila siku. Akitoka nyigu mdogo, usimwandike kuwa ndiye mchimbaji. Yaelekea alikuwa kimelea aliyemla mchimbaji humo ndani. Akitoka mbawakawa, mwache siku mbili ili mwili wake ukauke na kupata rangi yake kamili.

Hatua ya nne ni kumchunguza mdudu mzima. Taphrocerus ana mwili mwembamba usio na miiba, uliochongoka nyuma, na papasi fupi zenye meno kama ya msumeno. Trichispa amejaa miiba mgongoni na ubavuni. Tofauti hiyo huonekana hata kwa lenzi ya shuleni. Lakini spishi zinazokaribiana mara nyingi hutenganishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, kazi ambayo yafaa kumwachia mtaalamu.

Mtaalamu huyo atahitaji lebo yako. Andika mahali, jina la mmea, tarehe ya kuchuma, tarehe ya mdudu kutoka, na jina la mkusanyaji. Hifadhi pia jani lililochimbwa, likiwa limekaushwa kati ya karatasi. Mdudu asiye na lebo ni pambo. Mwenye lebo ni ushahidi.

Mazoezi

1. Kusanya majani kumi yaliyochimbwa kutoka mmea mmoja. Je, ni mangapi yana buu aliye hai?
2. Chora njia ya buu, ukionyesha mwanzo na mwisho wake. Unajuaje alianzia upande gani?
3. Kwa nini si halali kusema kwamba mdudu aliyekutwa ametua juu ya ndago ndiye aliyeichimba?