Kitabu Kilichopotea Kabatini



Hapa Kaloleni tulikuwa na kitabu kidogo kuhusu kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalomaliza mahindi yetu. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Mama mmoja alipokiomba tulipekua kabati zima, wapi! Msimu ukapita. Kumbe kilikuwa humo humo katikati ya hadithi, kwa sababu jalada lake lilikuwa na picha ya familia.

Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba alizobuni Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876. Elimu yote ina mafungu 10, toka 000 hadi 900. Kilimo ni 630, ufugaji wa samaki 639.3. Na kayongo je? Ni gugu, basi 632.5, lakini ni habari ya mahindi pia, 633.15. Kitabu kimoja hakikai mahali pawili. Kwa hiyo mkutubi huchagua namba moja ya rafu, halafu huandika kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na za mada. Anayetafuta "mahindi" atakipata, wa "magugu" vilevile. Sisi tungeongeza kadi ya "kayongo", maana ni nani kijijini anayesema Striga?

Zamani kadi hizo zilipigwa taipu kutwa nzima. Siku hizi maktaba kubwa hunakili rekodi kwa kompyuta, na shirika la OCLC la Marekani lilichapa kadi zake za mwisho mwaka 2015. Wako waliodhani mkutubi amekwisha kazi. Sivyo. Saa zile za taipu sasa anaweza kuwapa wasomaji, hata kuwafuata waliko, kama Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilivyoanza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa mwaka 1996.

Ninyi daftari la mistari latosha. Andikeni namba ya kupokelea, mwandishi, jina la kitabu, mada mbili tatu kwa maneno ya kwenu, na namba ya rafu, ambayo mtaibandika pia mgongoni mwa kitabu. Mtunzaji naye asiwe wa kufunga kabati na kuondoka na ufunguo (hilo tumeliona!). Aulize, "Unatafuta nini, mama?"

Mkikutana tena, chukueni vitabu 5. Kila mtu aandike mada zake bila kuchungulia za mwenzake, kisha mlinganishe.