Programu Inayojua Kazi ya Kutangulia

Kompyuta haina macho wala masikio. Habari za nje huletewa na vifaa vilivyounganishwa nayo. Ishara zikiwa nyingi kwa wakati mmoja, programu ndiyo huamua ipi itangulie. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka Mwezini, rada isiyohitajika wakati huo iliimiminia kompyuta ishara zisizo na maana, zikatwaa sehemu ya wakati wake wa kazi. Kompyuta ikatoa onyo nambari 1202. Lakini katika programu ya kugawa kazi, iliyobuniwa na J. Halcombe Laning wa MIT, kila kazi ilikuwa na daraja lake. Zisizo za haraka ziliachwa, za kuongoza chombo zikaendelea, na wanaanga wawili wakatua salama.